Albamu ya Mtu Asiyependa Kelele

Katika watu wote niliowahi kufanya nao kazi, hakuna aliyechukia kelele kama Fundi. Na Fundi ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi yetu ya roki nzito.

Nikisema Fundi ninamaanisha fundi cherehani. Pale Gisozi, mjini Kigali, kwenye karakana za Agakiriro, mafundi ni wa kila namna: maseremala, wachomeleaji, wapaka vanishi, washona makochi. Ukiita "fundi!" kwa sauti, njia nzima itageuka. Lakini ukitaja Fundi huku umeshusha sauti, kila mtu alijua unamtaka nani, maana yeye ndiye aliyetuzoesha sote kushusha sauti. Chini ya miguu ya cherehani yake alitandika vipande vya zulia. Mkasi hakuutupa mezani, aliulaza. Mteja akiingia huku anabishana na simu, Fundi alimngoja kimya akiwa amefumba macho, kama mtu anayesubiri daktari achomoe sindano.

Mimi nilikuwa jirani yake. Nilishona mapazia, yeye alishona suti na sare za shule, na kati yetu palikuwa na ukuta wa plaiwudi. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili changu kilimfurahisha sana. "Mama Keza," aliniambia siku ya kwanza, "wewe unaongea kama redio." Cha kwake kilikuwa Kiswahili cha mtaa wa Nyamirambo, cha nyumbani na cha dukani, na alikitumia kwa uchache, kama mtu aliyewekewa chumvi kidogo akaambiwa imfikishe mwisho wa mwezi.

Vipimo vya watu hakuvitamka. Alivipima, akaviandika kwa chaki pembeni mwa meza, akavifunika kwa kiganja. Akija mtu mnene aliyeona haya, Fundi alimwambia, "Kipimo si tusi." Wengi walimwagiza suti ya pili kwa sababu ya sentensi hiyo tu. Nilimwuliza kwa nini anaficha namba ambazo kila mwenye macho anaziona. Akasema, "Hiyo ni siri ya mtu na kitambaa. Mimi iko katikati tu."

Alikuwa na misemo mingine, na mingi haikuwa na faida sokoni. "Mshono ukionekana umekosea, ukikatika umekosea zaidi." "Mtu mwenye haraka mshonee shuka." Mkewe, ambaye alimletea chakula cha mchana kila siku na kila siku alimkuta ameshamwandalia kiti, aliniambia kwamba nyumbani Fundi hasemi hata hiyo. "Aliniposa kwa kunitazama," alisema. "Baba yangu alidhani ni bubu, akanionea huruma, akakubali."

Basi huyo ndiye aliyekuja upande wangu wa plaiwudi siku moja, akakaa kwenye mzigo wa pazia, akaniuliza kama ni kweli niliwahi kupiga gitaa la besi kanisani Karagwe. Nikasema kweli. Akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nataka kupiga ukelele. Lakini sitaki kupiga peke yangu, nitaonekana mgonjwa."

Alipata wapi roki? Hilo niliulizwa sana baadaye, na jibu lake halimridhishi mtu. Miaka mingi nyuma, katika robota la mtumba, alikuta koti la ngozi, na mfukoni mwa koti palikuwa na kaseti isiyo na jina. Alidhani ni mawaidha. Akaiweka kwenye redio yake, akasikiliza upande wa kwanza akiwa amesimama na upande wa pili akiwa amekaa. Hakujua bendi ile ni ya nani wala inasema nini. Nilimwuliza alisikia nini basi. "Nilisikia mtu aliyenyamaza siku nyingi," alisema. Gitaa alilipata kwa seremala Mkongo aliyekuwa anarudi kwao Bukavu: Fundi alimshonea suti, seremala akamwachia gitaa, na kila mmoja aliamini amempunja mwenzake.

Wa tatu wetu alikuwa Kabera. Kabera alikuwa mchomeleaji wa mageti, kijana mwenye mabega ya kubebea mageti hayohayo, na kwake l na r ni ndugu mapacha wanaopokezana kazi. Alijifundisha ngoma kwa kugonga mapipa. Tukajiita Tirifaze, jina ambalo watu wa Agakiriro hulitumia kwa umeme mkubwa wa nyaya tatu, ule unaoendesha misumeno na mashine za kukatia vyuma. Tulikuwa watatu, na Kabera alisema ukikosekana mmoja mashine haizunguki. Wakati huo tuliona ni maneno mazuri tu.

Kigali si mji wa kupigia roki nzito. Ukiwasha spika nyumbani, kabla hujafika kiitikio jirani ameshapiga simu. Fundi mwenyewe angekuwa jirani huyo. Kwa hiyo tulifanya mazoezi palepale karakanani, asubuhi, misumeno yote ikiwa kazini, kwa kuwa ndipo mahali pekee mjini ambapo hakuna aliyeweza kutusikia. Hata sisi wenyewe hatukusikiana vizuri. Ikifika adhuhuri Fundi alivua gitaa, akaenda kusali, akarudi, akaushika ukelele palepale alipouachia. Na kila wimbo ulipokwisha, alisogea kwenye maikrofoni akasema, "Samahani."

Wapiga roki wa kwingine nasikia huvaa ngozi na minyororo. Sisi Fundi alitushonea suti za kijivu za kitambaa cha sare za shule. Mikunjo ya suruali ilinyooka hata Kabera akalalamika kwamba inamkata. Nilipomwambia Fundi kwamba pengine hatufanani na muziki wetu, alinitazama kwa mshangao. "Tunakwenda kuwasumbua watu," alisema. "Angalau tuvae vizuri."

Asubuhi moja tulikuwa katikati ya wimbo ambao haukuwa na maneno bado. Fundi alikuwa anapanda, anapanda, mishipa ya shingo imemtoka, na umeme ukakatika. Gitaa lake lilikufa, besi yangu ilikufa, misumeno yote ya Gisozi ilishuka sauti ikanyamaza kwa pamoja. Ikabaki ngoma ya Kabera, na ikabaki sauti ya Fundi peke yake, juu kabisa, mbele ya watu wote.

Hakuwa na pa kuificha. Sasa karakana nzima ilimsikia. Seremala mmoja aliangusha randa. Nilimwona Fundi akifumbua macho, akaelewa kilichotokea, na badala ya kunyamaza akaifanya ile sauti iwe na maana. Alipaza kwa Kinyarwanda: "Umuriro, garuka!"

Umuriro ni moto, na kwa Kinyarwanda umuriro ndio umeme pia. Alikuwa anasema: umeme, rudi.

Kisha kutoka kwenye karakana ya milango mtu akajibu, "Garuka!" Na wa makochi naye, "Garuka!" Kabera hakuwa ameacha kupiga. Fundi akaita tena, wakajibu wote, wachomeleaji, wapaka vanishi, wanawake wanaouza chai, na hasira ya asubuhi zote zile za kazi iliyolala mezani ilitoka mdomoni mwao kama moshi. Umeme uliporudi, watu walipiga makofi, wakatawanyika, wakaanza kukata mbao. Fundi akasogea kwenye maikrofoni. "Samahani," akasema.

Wimbo ukabaki hivyohivyo, na tukauita "Umuriro".

Albamu tuliirekodi Kimihurura, katika nyumba ya mtu mmoja aliyekuwa na studio kwenye chumba cha wageni, magodoro yamesimamishwa ukutani. Prodyuza huyo maisha yake yote alikuwa amerekodi kwaya. Alikuwa mpole, na kila mara Fundi alipopiga ukelele alitoka nje kwanza akahakikisha mlinzi wa jirani hajaja. Tulirekodi nyimbo tisa. Zilikuwa nyimbo za Gisozi: moja ya mteja anayetaka suti ya harusi siku ya harusi, moja ya vumbi la mbao kifuani, moja ya mlima wa kurudi Batsinda kwa miguu mvua inanyesha. Albamu tuliipa jina la neno ambalo Fundi alilisema mara nyingi kuliko yote: *Samahani*.

Prodyuza akaiweka mtandaoni na kuituma redioni. Fomu ya kule iliuliza ni muziki wa aina gani, na yeye, kwa mazoea ya mkono, alichagua anachochagua siku zote.

Majuma yakapita bila neno. Kisha Jumamosi moja nikiwa napiga pasi pazia, redio ikasoma chati ya nyimbo kumi bora za injili, zile zinazopigiwa kura na wasikilizaji, na katika nafasi ya nane nikamsikia Fundi akipiga ukelele.

Nilikwenda upande wa pili wa plaiwudi. Alikuwa amesikia. Mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani lakini haukukanyaga.

"Ni injili," nikasema.

"Nimesikia."

"Wanadhani unaomba moto wa Roho Mtakatifu."

"Nafasi ya nane," alisema, kwa sauti ya mtu anayeonja chakula asichokijua jina lake.

Juma la pili tulikuwa wa nne. Juma lililofuata, wa pili. Mtangazaji alisema hajawahi kusikia mtu akiomba kwa uchungu kiasi kile. Kabera alianza kuchomelea mageti akiimba. Kwaya moja kubwa ikaja kwa Fundi kuagiza majoho mapya, bila kujua anayewapima na anayeimba ni mtu mmoja, na mama mkuu wa kwaya, akiwa amenyoosha mikono apimwe, akawa anauimba wimbo wetu taratibu ili wenzake wajifunze. Alikosea kiitikio. Fundi, pini zimejaa mdomoni, alivumilia mara mbili, mara ya tatu akanong'ona, "Samahani, Mama. Hapo inapanda." Mama yule akapandisha. "Muzehe, nawe unaujua?" akauliza. "Nimeusikia," Fundi akasema.

Mzee mmoja wa msikitini kwao naye akapita dukani. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto. Mwishowe akasema, "Nasikia umeimba injili."

"Nimeimba umeme, Mzee."

"Umeme tunautaka wote," akasema, akamaliza chai yake.

Jumamosi iliyofuata tukawa namba moja. Sitasema uongo, nililia. Kabera alizima mashine yake, akaja mbio, akamnyanyua Fundi pamoja na tepu yake ya kupimia. Mwaliko ulikuwa umeshaingia, wa tamasha la Pasaka, jukwaa kubwa, taa, spika ambazo Kabera alizieleza kwa mikono kwa sababu maneno hayakumtosha. Fundi aliposhushwa chini alinyoosha koti lake. Lakini nilimwona. Alitabasamu kwa upande wa mdomo ambao hakuutumia kazini.

Siku chache baadaye akaja mwanamke mmoja kutoka Batsinda. Alikuwa ameulizia kuanzia studio mpaka akafika Gisozi, na kitenge chake kilikuwa na vumbi hadi magotini. Alimwuliza Fundi kama ndiye mwenye wimbo wa umuriro. Fundi akakiri. Mwanamke akapiga magoti palepale kwenye vipande vya vitambaa, Fundi akamsihi ainuke, na mimi nikaleta kiti.

Mumewe, alisema, amelala mwaka wa pili sasa, miguu haisikii. Watu wa kanisa wamekuja, wameomba, wamechoka, wameacha kuja. Lakini tangu wimbo huu uanze kupigwa, mumewe humwambia kila asubuhi awashe redio. Unapopigwa, anakaza mikono kwenye godoro. Juzi alisema anasikia joto kwenye vidole vya mguu. "Nakuomba, muzehe," mwanamke akasema, "uje umwekee mikono. Wewe Mungu anakusikia."

Fundi alimwahidi kwamba atakwenda. Mwanamke alipoondoka, Fundi alifunga cherehani yake mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona, na tukakaa watatu nyuma ya karakana.

"Nitakwenda redioni," alisema. "Niwaambie wimbo ni wa umeme."

Kabera alidhani hajasikia vizuri. "Fundi. Tuko namba moja."

"Najua tuko wapi."

"Bahati haiurizwi imetoka wapi," Kabera akasema. "Nani ameumia? Watu wanafurahi. Wanaria machozi ya furaha. Wewe umesema uongo wapi? Umesema umuriro. Kira mtu asikie anachotaka."

"Mtu akiniletea suruali nifupishe, nafupisha," Fundi akasema. "Huyu mama ameniletea mume."

"Basi mwambie yeye peke yake!"

"Wako wangapi wengine ambao hawajafika Gisozi?"

Kabera aliniangalia mimi nimsaidie. Lakini kila aliposema mmoja, mimi niliona yuko sahihi. Kabera akasimama. Alisema, taratibu kabisa, kwamba amechomelea mageti ya watu tangu akiwa mtoto, kila geti analotengeneza ni la kumzuia yeye asiingie, na hii ndiyo mara ya kwanza geti limefunguka. "Wewe unaenda kurifunga," akasema. "Kwa mkono wako." Akaondoka, na hakurudi.

Tulikwenda kwanza Batsinda, Fundi na mimi. Alivaa suti ya kijivu. Nyumba ilikuwa ndogo na safi, na mgonjwa alikuwa amelazwa sebuleni ili aone mlango, redio ndogo pembeni ya mto. Alikuwa na uso mpana, ndevu zimenyolewa vizuri. Mkewe akatukaribisha, kisha Fundi akamwomba atuchemshie chai, na tukabaki na mgonjwa.

Fundi aliketi ukingoni mwa kiti. "Baba," akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Mimi si mwombaji. Hata kanisani sisali, mimi ni Mwislamu. Ule wimbo niliuimba umeme ulipokatika kazini. Nikaomba umeme urudi. Ni hivyo tu."

Mgonjwa akaanza kucheka, kidogokidogo, mpaka akakohoa.

"Mimi nilikuwa nikipanda nguzo za umeme," alisema. "Ndiko nilikoanguka. Unadhani umuriro sijui ni nini?"

Mimi ndiye niliyeuliza: basi kwa nini unausikiliza kila asubuhi?

"Kwa sababu huyo mtu amekasirika," mgonjwa akasema, akimnyooshea Fundi kidole. "Wote wanaokuja hapa wananiambia nivumilie. Mchungaji, vumilia. Kaka yangu, vumilia. Daktari, vumilia. Nimelala hapa nawaitikia ndiyo, ndiyo. Halafu asubuhi anakuja huyu kwenye redio, amekasirika kabisa, kwa niaba yangu."

Nje tulisikia vikombe. Fundi akamwuliza kwa sauti ya chini kama akienda redioni kusema ukweli, mkewe atavunjika moyo. "Atalia siku moja," akasema. "Kisha ataomba bila wimbo. Huyo alikuwa akiomba kabla hatujawa na redio. Nenda kaseme." Halafu akaongeza, "Lakini usiombe radhi tena mwishoni mwa wimbo. Hata redioni nasikia unaomba radhi. Inaharibu."

Joto la vidole nililiulizia pia. Alisema hilo ni kweli, alilisikia, na hajui ni la nini.

Redioni walimpokea Fundi kwa shangwe. Mtangazaji, dada mmoja mchangamfu, alimweka hewani moja kwa moja, na mimi nilikaa nyuma ya kioo nikiona midomo yao na kuwasikia kwenye spika ndogo.

"Tuambie," dada akasema, "siku ile Roho alipokushukia, ulikuwa wapi?"

"Gisozi," Fundi akasema. "Lakini samahani. Wimbo ni wa umeme."

"Amina! Umeme wa mbinguni."

"Hapana, dada. Huu wa mita."

"Yaani kwa mfano wa mita, Bwana anatupimia..."

"Umeme ulikatika," Fundi akasema, "tukawa hatuwezi kufanya kazi. Nikaukasirikia. Mimi ni fundi cherehani, ni Mwislamu, na huo ni muziki wa roki. Nyimbo zote tisa. Walioupigia kura wakidhani ni sala, nawaomba radhi. Waliokuwa wakiomba nao, sala zao ni zao, mimi siwezi kuzichukua."

Kukawa na kimya hewani, kitu ambacho redio huogopa kuliko matusi. Dada akaweka tangazo la sabuni.

Sitasema walimtendea vibaya. Baada ya tangazo alimshika mkono, akamshukuru kwa ukweli. Jumamosi iliyofuata walisoma chati ya injili, na hatukuwemo. Walisoma chati ya mapenzi, na ya vijana, na ya nyimbo za zamani. Chati ya watu wanaokasirikia umeme hawakuwa nayo. Wimbo wetu ulishuka kutoka namba moja hadi mahali pasipo na namba. Mwaliko wa Pasaka ulifutwa kwa ujumbe wa simu wa adabu, wenye picha ya mikono miwili iliyoshikana.

Mama wa kwaya alikuja kuchukua majoho. Alimtazama Fundi kutoka kichwani hadi kwenye kandambili. "Ni wewe," akasema. Fundi akakubali. "Sisi tutaendelea kuuimba," mama akasema, huku akihesabu majoho. "Wewe tutakuombea."

Watu hudhani mtu aliyetenda haki hulala vizuri. Fundi juma lile alishona suruali yenye miguu yote miwili ya kushoto. Niliipata kwenye takataka. Nilipomwuliza, alijibu akiwa ameinamia tundu la sindano. "Ile Jumamosi ya namba moja nilifurahi, Mama Keza. Nilifurahi sana, na bado natamani." Akapata tundu, akapitisha uzi. "Sasa hiyo furaha iko wapi? Haina mahali pa kwenda. Inazunguka ndani tu."

Kabera alihamishia kazi zake upande wa pili wa Agakiriro na akawa anapiga ngoma na bendi ya harusi. Wakikutana njiani, Kabera alitazama kitu kingine. Bila ngoma hakukuwa na bendi. Mwaka ulipogeuka nilipata kazi ya mapazia ya maofisi kule Kimihurura, nikaachana na ukuta wangu wa plaiwudi, na habari za Fundi nikawa nazipata kwa salamu.

Nilimwona tena mwaka huu, kwenye gusaba ya Kabera. Gusaba ni siku ya kuposa, ambapo pande mbili huketi zikitazamana chini ya mahema, na msemaji wa kila upande hushindana na mwenzake kwa maneno kabla bibi harusi hajatolewa. Upande wa bwana harusi hutafuta mzee mwenye ulimi wa moto. Nilipofika, kwenye kiti cha msemaji wetu alikuwa amekaa Fundi.

Nilimvuta Kabera pembeni. Alikuwa ndani ya mavazi ya heshima, anatoka jasho. Alinieleza kwa kifupi. Alikwenda kwa Fundi kupimwa suti, kwa sababu hakuna mwingine anayejua mabega yake. Fundi akampima, hawakusemezana neno. Alipofika mlangoni, Kabera akageuka akamwambia, "Sina mtu wa kunisemea." Fundi akasema, "Mimi sauti sina." Naye Kabera akamjibu, "Unayo. Niriipigia ngoma."

Msemaji wa upande wa binti alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya kuamsha milima. Alitusumbua kwa desturi, akatuuliza kama tumepotea njia, akajifanya binti hamjui. Watu wakacheka. Fundi alijibu kila swali kwa ufupi, na msemaji yule akauliza kama upande wetu tumeleta mtu au kivuli. Watu wakacheka zaidi. Kisha akakaza uso.

"Tumepeleleza," alisema. "Kijana wenu ni mchapakazi, sawa. Lakini tumesikia ana hasira. Tumesikia aligombana na rafiki yake wakaacha hata kusalimiana. Binti yetu tumpe mtu wa namna hiyo?"

Kabera aliinamisha kichwa. Walimletea Fundi maikrofoni. Akaitazama, akamrudishia aliyeileta, akasimama.

"Rafiki huyo ni mimi," alisema.

Akamgeukia mzee mnene.

"Nilimvunjia kitu alichokipenda, nikijua anakipenda. Mwaka mzima na zaidi hakunisalimu. Katika muda huo watu walikwenda kwake, wakamwuliza juu yangu, wakitaka aseme mimi ni mwongo, au nilitafuta sifa. Walikuja kuniambia alichowajibu. Aliwajibu wote jambo moja: 'Mimi siongei naye. Lakini hakudanganya.'" Akamtazama Kabera. "Mtu akiwa na hasira, na bado akasema hivyo, mimi ningempa binti yangu. Ninaye mmoja. Bahati mbaya ameshaolewa."

Mzee mnene alikohoa, akarekebisha vazi lake, akasema kwamba maneno hayo ameyasikia yeye, lakini watu wake walioketi nyuma hawakuyasikia, na ni haki yao. Akamwomba Fundi arudie, safari hii kwa sauti.

Fundi akarudia, neno kwa neno, taratibu zaidi. Sauti hakuiongeza. Wale wa nyuma wakasimama mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake mkononi, wakasogea mbele.